Jirani wa Ugenini

Katika kazi yetu ya utumishi wa serikali hapa Tukuyu, hapapiti mwezi bila kijana kufika mezani petu kutaka maelezo ya safari ya nje. Mmoja ana ndugu yake Lusaka. Mwingine ameahidiwa kazi Uarabuni. Wa tatu amepata nafasi ya masomo Uhindini. Maswali yao hufanana kama punje za hindi moja. Huuliza habari za pasipoti, habari za viza, cheti cha sindano ya homa ya manjano, barua ya serikali ya kijiji, na ada ya kila karatasi. Nasi huwajibu kwa kadiri tujuavyo, maana ndiyo kazi tuliyopewa. Lakini kila aondokapo kijana wa namna hiyo, akiwa amezikumbatia karatasi zake kifuani kama mtu aliyebeba mayai, sisi hubaki na swali moja ambalo yeye hakuliuliza wala sisi hatukuthubutu kumwuliza: Huko uendako, nani atakuja msibani kwako?

Swali hili si la kumtakia mtu mabaya. Ni swali tulilokua nalo, kwani utoto wetu tuliupitisha ugenini, na yale tuliyoyaona huko ndiyo yaliyotufundisha maana ya ujirani kuliko mafundisho yote tuliyoyapata baadaye. Tumeona vema tuyaandike, maana vitabu vya utamaduni wetu husimulia sana habari za ngoma, mavazi na jando, lakini husimulia kidogo jinsi utamaduni huo unavyojaribiwa mtu anapoishi mahali ambapo hakuna aujuaye.

Watu wa Rungwe hawakuanza jana kusafiri. Nchi yetu ya milima imejaliwa mvua ipitayo milimita 2000 kwa mwaka, migomba, kahawa na chai. Lakini ardhi ni ndogo na watu ni wengi, na kodi ya mkoloni ilidaiwa kwa fedha wala si kwa ndizi. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipogunduliwa mwaka 1922, vijana wa Kinyakyusa walipanda mlima kwa miguu kwenda kuichimba. Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilipopanuka, walivuka mpaka wakaenda Kopabelti. Wengine walikwenda mbali zaidi, mpaka Afrika Kusini, kwa kuandikishwa na shirika ambalo wazee wetu waliliita Wenela. Uandikishaji huo ulikoma baada ya uhuru wa 1961, serikali yetu ilipokataa watu wake wachukuliwe kuwafanyia kazi makaburu. Kwa hiyo katika kila kijiji cha wilaya hii hapakosekani mzee aliyewahi kuitwa mgeni katika nchi ya watu.

Baba yetu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Kitwe mwaka 1959, akaajiriwa mgodini. Alikuwa akirudi kwa likizo, na katika likizo mojawapo akaoa, nasi tukazaliwa mwaka 1968 katika kijiji kimoja cha upande wa Masoko. Mwaka 1974 alituita. Reli ya TAZARA ilikuwa bado ikijengwa, hivyo mama alitupandisha basi, sisi tukiwa na umri wa miaka sita, na mdogo wetu wa kike akiwa mgongoni. Tukapita Mbeya, tukapita Tunduma, tukaingia katika ile barabara ndefu ya Zambia ambayo kwa macho ya mtoto wa milimani ilikuwa ya kutisha, kwa sababu nchi ilikuwa tambarare na hapakuwa na mlima wowote wa kumwonyesha mtu alikotoka.

Shida ya kwanza ya ugeni tuliikuta pale pale mpakani, nayo ilikuwa ni jina. Mama yetu alikuwa akiitwa kwa jina la ukoo wa baba yake, maana kwetu mwanamke haachi jina la kwao kwa kuolewa. Afisa aliyekaa mezani alitazama karatasi ya mama, akatazama barua ya baba, akauliza itakuwaje mtu na mkewe wawe na majina mawili. Mama hakujua Kiingereza, wala afisa hakujua Kinyakyusa. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake ndiye aliyetusemea. Nayo ilikuwa shida ndogo kuliko ile iliyomngoja baba. Katika cheti chake cha mwaka 1959, kile ambacho watu wa huko walikiita chitupa, karani aliandika jina kama alivyolisikia. Jina la Kinyakyusa liliingia sikioni mwake, likatoka kalamuni likiwa jina la mtu mwingine. Baba aliyaona makosa hayo siku ile ile, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa kijana na alitaka kazi. Kunyamaza huko kulikuja kumgharimu, kama tutakavyoeleza. Ugenini jina la mtu si lile aitwalo na mamaye. Ni lile lililoandikwa.

Shida ya pili ilikuwa ya kupeleka fedha nyumbani. Nchi zote mbili zilikuwa na sheria kali za fedha za kigeni, na hawala ya posta ilikuwa na kipimo chake na foleni yake. Kwa hiyo watu wengi walipeleka vitu badala ya fedha. Mtu alinunua mablanketi, cherehani au baiskeli, akamkabidhi mwenzake aendaye likizo. Nyumbani watu waliona baiskeli wakadhani kwamba mali imejaa huko. Hawakujua kwamba baiskeli hiyo ilikuwa mshahara wa miezi kadhaa uliogeuzwa chuma ili uweze kuvuka mpaka.

Shida ya tatu ilikuwa ya chakula na hali ya hewa. Mama alilelewa mahali ambapo mvua hukumbuka kila mwezi wa mwaka, na chakula cha heshima ni ndizi. Kitwe mvua hukatika mnamo Aprili isirudi mpaka Oktoba au Novemba, na watu hula ubwali wa mahindi asubuhi na jioni. Alipanda mgomba nyuma ya nyumba. Kiangazi kikaukausha. Akapanda wa pili, akawa anaumwagia maji ya kuogea na ya kufulia vyombo. Mgomba ule uliishi, ukazaa mkungu mmoja mwembamba, na siku hiyo alipika mbalaga akawaita majirani. Walikula kwa adabu, wakashukuru, na tulipochungulia tuliona kwamba hawakuupenda ule upishi hata kidogo. Lakini walikuja, wakala, na hilo ndilo mama alilolikumbuka.

Lugha, hata hivyo, ndiyo iliyokuwa mlango wa mambo yote. Katika mtaa wetu nyumba kadhaa zilitumia bomba moja, na pale bombani ndipo palipokuwa shule ya mama. Alikwenda na ndoo yake asubuhi, akasimama nyuma ya wenzake, akasikiliza. Aligundua kwamba Kibemba na Kinyakyusa ni watoto wa bibi mmoja. Yeye akisema amisi, wao walisema amenshi, na yote ni maji. Yeye akisema ifula, wao walisema imfula, na yote ni mvua. Lakini udugu wa lugha una hila zake, kwani maneno machache yanayofanana humdanganya mgeni akadhani ameelewa maneno yote. Mara nyingi mama alicheka pale ambapo wenzake walikuwa wakisikitika. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona anapopita. Hapo bombani mama alikuwa kuku mweupe kwa muda wa miezi mingi.

Aliyemfundisha zaidi alikuwa mama mmoja wa Kibemba aliyekaa katika nyumba ya ubavuni. Kwa desturi yao mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, kwa kutanguliza neno Bana, naye mama jirani akamwita mama kwa jina letu, tena kwa namna ambayo ilimfurahisha, maana hata kwetu Rungwe mwanamke huheshimiwa kwa kuitwa mama wa fulani. Ndivyo walivyoanza. Mama alimfundisha kusuka mkeka kwa mtindo wa kwetu, naye akamfundisha mama kupika mboga kwa karanga zilizotwangwa.

Mwaka 1977, treni ya abiria ikiwa imekwisha kuanza safari zake, babu mzaa baba alitoka Mbeya akaja kututembelea. Furaha ya baba ilikuwa kubwa, na hofu ya mama ilikuwa kubwa kuliko furaha hiyo. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtu hatakiwi kuonana na baba mkwe wake. Hupisha njia amwonapo akija. Hafiki mahali alipo. Hata jina lake halitaji, wala maneno yanayofanana na jina hilo. Kijijini mambo haya yana nafasi yake, kwani kuna njia mbili, kuna nyumba zaidi ya moja, kuna migomba ya kujificha. Nyumba yetu ya Kitwe ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Usiku wa kwanza babu alikaa ndani na baba; mama alijikunyata jikoni nje, amejifunika kanga, akitupa sisi sahani tuzipeleke. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Baba alikuwa ana haya kumwambia babu arudi, na babu alikuwa ana haya kukaa.

Jioni ya siku ile ya pili mama jirani aliyaona, akauliza kwa upole mama amekosa nini hata akalala nje. Mama akaeleza kwa Kibemba chake cha bombani. Tulitazamia kwamba mama jirani angecheka. Hakucheka. Alipiga makofi taratibu, akasema kwamba hata kwao mambo hayo yako, ila kwa upande mwingine: kwao kijana aliyeoa ndiye amwepukaye mama mkwe wake, mpaka zitimizwe desturi za kuwafungua. Akasema, basi mzee alale kwetu. Babu akahamia nyumba ya pili akakaa humo majuma matatu, akila kwa wenyeji wake na kupunga upepo pamoja nao, na mama akarudi nyumbani mwake. Tangu siku ile tulifahamu kwamba mtu asiye na mila yake mwenyewe hawezi kuiheshimu mila ya mgeni. Mama jirani alituelewa kwa sababu alikuwa na ya kwao aliyoishika barabara.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka 1979 ugonjwa wa surua uliingia mtaani petu. Mdogo wetu, aliyekuwa mgongoni tulipovuka Tunduma, alikuwa na umri wa miaka sita. Aliugua siku tisa, akafa alfajiri. Baba alikuwa zamu ya usiku, chini ya ardhi, na habari hazikumfikia mpaka alipopandishwa juu asubuhi pamoja na wenzake.

Kwetu Rungwe mtoto akifa, baba hana kazi ya kufanya ila kulia. Wanaume wa kijiji huchimba kaburi, wanawake huujaza uwanja, na kila mtu anajua mahali pake. Ugenini baba ilimpasa kwanza kutafuta karatasi. Ofisi moja ilitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, naye alizaliwa nyumbani, nyuma ya migomba, mikononi mwa bibi yake. Ikataka karatasi ya mama, na humo jina la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa namna moja. Ikataka ya baba, na humo jina la ukoo lilikuwa limeandikwa kwa namna nyingine. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba kwa karatasi zile hawezi kujua mtoto huyu ni wa nani. Baba alirudi nyumbani saa saba mchana bila kibali cha maziko, akakaa kizingitini, asiseme neno.

Mume wa mama jirani alikuwa amelala, kwa kuwa naye alitoka zamu ile ile. Aliamshwa, akavaa koti, akaenda na baba katika ofisi ile. Akasimama mbele ya meza, akasema kwamba mtoto huyu anamjua, amekula nyumbani kwake miaka mitano, na huyu ndiye baba yake, na kama kuna mahali pa kutia sahihi ataitia. Kibali kilitoka jioni hiyo. Sisi tumefanya kazi ya karatasi kwa zaidi ya miaka thelathini, na tunazijua nguvu zake; lakini hatujasahau kwamba siku ile karatasi zote tatu zilishindwa kusema sisi ni nani, na neno la jirani likasema.

Maziko yalikuwa ya kesho yake. Wako watu wa Rungwe waliokuja, pamoja na Wangonde wa Karonga, kwani walikuwa na chama chao cha kuzikana ambacho kila mwezi kilitoza mchango mdogo. Ng'ombe wa kuchinja kwa desturi yetu hatukuwa naye. Waliochimba kaburi walikuwa Wabemba, Wangonde na Wanyakyusa, na udongo wa Kitwe ni mgumu wakati wa kiangazi. Usiku wanawake wa bombani walikuja na mikeka yao, wakalala sakafuni pamoja na mama, wakalia kwa Kibemba, naye akalia kwa Kinyakyusa. Mama jirani alilala humo siku zote za matanga. Siku walipotawanyika, mama aliinuka, akachota maji akanawa uso, akamwambia baba maneno ambayo tuliyasikia wenyewe tukiwa mlangoni: "Leo ndiyo nimefika Kitwe."

Alikuwa amekaa huko miaka mitano.

Tulirudi nyumbani mwaka 1982. Bei ya shaba, iliyoanguka tangu 1975, ilikuwa imeipunguza kazi, na baba aliona ni heri aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa. Hapo lile kosa la mwaka 1959 likadai malipo yake. Fedha za mwisho za utumishi wake zilichelewa miaka miwili, barua zikienda na kurudi, kwa sababu ya herufi mbili katika jina lake. Kabla ya kuondoka mama alikwenda makaburini pamoja na mama jirani. Alikuwa na jembe dogo la kupalilia alilotoka nalo Masoko. Akalisafisha, akamwachia mwenzake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; hawakusema siku gani mgeni humwachia mwenyeji jembe. Kila mwaka, karibu na Krismasi, ilifika barua iliyoandikwa na binti wa mama jirani, na ndani yake hapakukosekana mstari mmoja wa kusema kwamba kaburi limepaliliwa. Sisi ndio tuliokuwa tukimsomea mama, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine ajuaye kusoma Kibemba. Barua ya mwisho ilikuja mwaka 1996.

Nasi tulipofika nyumbani tulikuta ugeni mwingine ukitungoja. Kitwe tulifundishwa darasani kwa Kiingereza, tukacheza kwa Kibemba, tukatumwa dukani kwa Kinyakyusa. Kiswahili tulikisikia katika redio ya baba tu, na midomoni mwa wachuuzi wa Kongo waliopita wakiuza vitenge. Tuliingizwa shule ya msingi huku Rungwe, tukarudishwa nyuma madarasa mawili, na kila tulipofungua kinywa darasa zima lilicheka. Tulitaka kusema asante, ulimi ukasema natotela. Wenzetu wakatupa jina la Mzambia. Huko tulikuwa Watanzania, na hapa tukawa Wazambia. Mtu mwenye nchi mbili usiku mmoja alijikuta hana hata moja. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mungu amlipe, alitupa kazi ya kukariri mashairi kila juma ili ulimi ulainike. Mizani ikatushika mkono kama mama jirani alivyomshika mama bombani. Wale wanaotusifu leo kwa tungo zetu hawajui kwamba Kiswahili tulikipata kwa jasho, kama mgeni apatavyo lugha ya watu, na labda ndiyo sababu tunakipenda hivi.

Tumesema habari za wenyeji wetu wa Kitwe. Je, sisi watu wa Rungwe tukoje tunapokuwa wenyeji? Wamisionari wa Kimoravian walipoingia nchi hii mwaka 1891, mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka huo huo, wenzake wakawa hawana budi kumzika katika ardhi ya watu wasiowajua. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alikuta neno moja likitajwa sana vinywani mwa wazee wetu, nalo ni ukwangala, yaani kukaa na wenzio kwa furaha, kula nao na kuzungumza nao. Aliliona kuwa kubwa hata kitabu chake juu ya vijiji vyetu vya marika, kilichotoka mwaka 1951, akakiita Good Company, kwa maana ya neno hilo. Basi tumesifiwa na wageni. Lakini sifa ya kitabuni ni deni, na siku moja sisi wenyewe tulitakiwa kulilipa.

Mwaka 2016 alikuja kupanga jirani yetu, pembezoni mwa mji wa Tukuyu, mama mmoja kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Wangonde na sisi ni ndugu kwa asili, na lugha zetu husikilizana. Mto tu ndio uliofanywa mpaka. Mtoto wake mchanga aliugua, akafa usiku. Asubuhi watu wa mtaa walisimama makundi makundi, wakinong'ona. Chama chetu cha kuzikana kina daftari, na jina lake halikuwamo. Walitujia sisi, kwa kuwa ni watumishi wa serikali, tuwape shauri. Nasi, tunaandika haya kwa aibu, neno la kwanza lililotutoka lilikuwa hili: "Ana kibali cha kukaa?"

Mama yetu alikuwa ameketi ukumbini akichambua maharage. Alikuwa na umri wa miaka karibu sabini. Hakutugombeza. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na mkeka wake kwapani. Alipofika mlangoni akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kukumbushwa jambo tu: "Mdogo wako alipolala kule, mama jirani aliuliza kibali?" Kisha akaenda, akalala kwa yule mama siku zote za matanga. Wanawake wengine walipomwona mzee amebeba mkeka, nao wakabeba yao. Sisi tulikwenda kuchimba kaburi. Hatukuwa tumeshika sululu kwa miaka mingi, na viganja vilitoka malengelenge, tuliyafurahia.

Baada ya matanga mambo mawili yalifanyika. Chama cha kuzikana kilikubaliana kwamba yeyote aliyepanga mtaani, awe wa kabila gani au nchi gani, jina lake liandikwe katika daftari mwezi wa kwanza afikapo, na mchango wake upokewe kama wa mwenyeji. Nasi tukaketi na yule mama, tukamwonyesha hatua kwa hatua namna ya kuzitengeneza karatasi zake za ukaazi, kwani kibali ni sheria na sheria tunaiheshimu. Kosa letu lilikuwa la mpango wa maneno: tulitanguliza swali lililopaswa kuja nyuma.

Kwa hiyo siku hizi kijana ajapo mezani petu, tukisha kumweleza habari za pasipoti na viza, humwomba akae kidogo. Tunamwambia ahakikishe jina lake limeandikwa kwa herufi zile zile katika kila karatasi, na akiona kosa aseme siku hiyo hiyo, asinyamaze kwa sababu ya haraka ya kazi. Tunamwambia ajifunze lugha ya mahali pale wanapoteka maji na kununua mboga, asitosheke na ile ya ofisini. Tunamwambia asidhani mila yake itachekwa. Aieleze kwa adabu, huenda jirani anayo inayofanana nayo. Na zaidi ya yote tunamwambia aende katika misiba ya wenyeji kabla hajapata wake, alale nao chini, achangie alicho nacho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndugu zake wa Rungwe, wampende vipi, watakuwa mbali. Wengine hutusikiliza kwa heshima tu, macho yao yako mlangoni. Hatuwalaumu. Tumewaandikia ubeti huu, wauchukue pamoja na karatasi zao:

Karatasi mkobani, na lugha ukajulia,
Huwa bado u njiani, hujafika nakwambia,
Hadi mwenzio jirani, msibani akilia,
Ndipo wafika nyumbani, ugeni ukaishia.

Mkeka wa mama bado tunao. Umechakaa pembeni, na umesukwa kwa mitindo miwili, nusu ya Rungwe na nusu ya Kitwe. Huwa tunautundika karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuushika haraka akisikia kilio kwa jirani.